Jinsi ya Kusoma Sanamu za Kijaini: Anza Miguuni, Si Usoni

Ukiingia hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, kwa mara ya kwanza, kinachotatiza si wingi wa sanamu. Kinachotatiza ni kwamba zote zinafanana. Marumaru nyeupe, miguu imekunjwa, mikono imelala mapajani, macho yametazama mbele. Ya kulia ni kama ya kushoto, na ya katikati imezidi ukubwa tu. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya sanamu kuu nikanong'ona, "Huyu ni Buda." Mzee mmoja wa Kigujarati aliyekuwa akipanga maua kwenye sahani alinisikia. Hakukasirika. Alinishika kiwiko, akaniinamisha, akanionyesha kwa kidole ukingo wa mbele wa kiti cha sanamu, chini kabisa, palipochongwa mnyama mdogo asiyezidi urefu wa kidole gumba. "Usianze usoni, kijana. Anza miguuni."

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya maneno hayo. Lakini kwanza tuelewane kwa nini nyuso zinafanana, maana usipolijua hilo utaona mafundi walikosa ubunifu, na utakuwa umewaonea.

Wanaochongwa hapa huitwa matirthankara. Neno hilo lina maana ya mtengeneza kivuko. Mtu wa Likoni au Kigamboni hahitaji kuelezwa kivuko ni nini: maji yako mbele yako, upande wa pili unauona, na kuna mahali pamoja ambapo mtu anaweza kuvuka salama. Kwa Wajaini, maji hayo ni mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Matirthankara ni watu 24 waliovuka na kuwaachia wengine njia. Wa kwanza ni Rishabha, wa mwisho ni Mahavira, aliyeishi katika eneo la Bihar ya leo, India, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Walipovuka waliacha kila kinachomtofautisha mtu na mwenziwe: mwili, hasira, tamaa, hata sura. Sasa fundi atampa nani pua ndefu na nani pua fupi? Akiwatofautisha nyuso atakuwa anakanusha kile walichokipata. Ndiyo maana uso ni mmoja, na jina likashushwa kwenye kiti.

Huku Mwambao tumezoea kuwaita Banyani wote, Wahindu na Wajaini, tukafunga mjadala. Baadhi ya wafanyabiashara tuliowaita hivyo walikuwa Wajaini kutoka Gujarat, hasa Waoshwal wa vijiji vya karibu na Jamnagar. Wanashirikiana mengi na Wahindu, lugha na sikukuu zikiwemo, lakini dini yao ina mafundisho yake na sanaa yake. Ukitaka kufanya mazoezi ya mwongozo huu bila kupanda ndege, lipo hekalu la marumaru la Mji wa Kale wa Mombasa, lililojengwa mwaka 1963, na Nairobi lipo la Waoshwal. Walio Uingereza wana Jumba la Makumbusho la British Museum, London, ambako unaweza kuzisogelea sanamu za mawe na shaba kuliko utakavyoruhusiwa hekaluni.

Kabla ya kuvuka kizingiti

Vua viatu, hilo unalijua. Linalosahaulika ni mkanda wa ngozi, pochi ya ngozi na kamba ya saa ya ngozi. Mjaini haingizi hekaluni kitu kilichotokana na kuua. Usiingie unatafuna. Usivuke mlango wa chumba cha ndani kilimo sanamu kuu: wanaoingia humo wameoga na kuvaa nguo maalumu za ibada, na wamejifunga kitambaa mdomoni ili pumzi isiifikie sanamu. Uliza kabla ya kupiga picha. Ukikuta tangazo mlangoni lenye masharti mengine, lisome na ulifuate.

Halafu simama pembeni, si katikati. Nafasi ya katikati ni ya anayeabudu, kwa sababu yeye na sanamu wanapaswa kuonana.

Hatua ya 1: Tazama mkao

Tirthankara ana mikao miwili tu. Ama ameketi amekunja miguu, nyayo zikitazama juu, ama amesimama wima huku mikono ikining'inia. Wa kwanza huitwa padmasana, mkao wa yungiyungi. Wa pili ni kayotsarga, yaani kuuacha mwili. Kwenye huo wa pili angalia nafasi iliyopo kati ya mkono na kiuno. Mikono haigusi ubavu wala kuegemea popote, na katika sanamu nyingi fundi alitoboa jiwe hadi mwanga ukapita. Mtu yule ameacha hata kujiegemea mwenyewe.

Hapa ndipo unapomtofautisha na Buda. Mikono ya Buda mara nyingi husema: mmoja unagusa ardhi, au umeinuliwa kiganja kikiwa wazi, au vidole vinazungusha gurudumu la mafundisho. Mara nyingi pia ana shuka begani. Mikono ya tirthankara imenyamaza. Akiketi, kiganja kimelala juu ya kiganja mapajani, basi. Ongeza alama moja: kifuani, hasa katika sanamu za kaskazini na magharibi mwa India, utaona umbo dogo lililotuna kama ua la petali nne. Hiyo ni shrivatsa. Ukiiona katikati ya kifua, huyo si Buda.

Ukikuta mikono minne au zaidi, silaha, au mtu amepanda mnyama, huyo si tirthankara. Ni mmoja wa walinzi, na tutawafikia.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Ukiona mtu uchi amesimama na mimea inayotambaa imemzonga miguuni na mikononi, usimtafute katika orodha ya 24. Huyo ni Bahubali, mtoto wa Rishabha. Alipigana na kaka yake Bharata kwa ajili ya ufalme, na alipoinua ngumi ya mwisho ambayo ingemmaliza ndugu yake, akaona aibu. Mkono ule ule akautumia kung'oa nywele zake na kuuacha ulimwengu. Alisimama mwaka mzima bila kutikisika hadi mimea ikampanda na mchwa wakajenga vichuguu miguuni pake. Washvetambara, moja ya madhehebu makubwa mawili ya Wajaini, husimulia kwamba hata hivyo hakufika, mpaka dada zake wawili walipokuja kumwambia ashuke kwenye ndovu. Alishangaa, maana hakuwa amepanda ndovu yeyote. Kisha akaelewa kuwa ndovu ni kiburi chake. Sanamu yake kubwa iko Shravanabelagola, Karnataka: jiwe moja la matale lenye urefu wa zaidi ya mita 17, lililochongwa mwaka 981 hivi kwa amri ya Chavundaraya, waziri wa wafalme wa Ganga. Kila baada ya miaka 12 hivi hujengwa jukwaa nyuma yake na watu humwogesha kutoka kichwani kwa maji, maziwa na manjano. Mara ya karibuni ilikuwa 2018.

Hatua ya 2: Macho na kiuno

Wajaini wana madhehebu makubwa mawili, na sanamu hukuambia uko kwa nani. Washvetambara, yaani wavaa nyeupe, hubandika macho ya kioo au madini juu ya jiwe: meupe, mboni nyeusi, yamekodoa. Ukiyakuta gizani mara ya kwanza yanashtua. Kiunoni hapakosi mstari wa kitambaa, na siku za sikukuu sanamu huvishwa taji, mikufu na mavazi ya fedha au dhahabu. Wadigambara, yaani waliovaa anga, huacha sanamu uchi kabisa, bila pambo hata moja, macho yakiwa yamechongwa kwenye jiwe lenyewe na kope zimeshuka nusu.

Nimesikia watu wakisema Washvetambara wameharibu unyenyekevu wa tirthankara kwa dhahabu. Sikubaliani nao. Anayeivisha sanamu taji anakumbuka kwamba mtu yule alizaliwa katika nyumba ya kifalme na alikuwa na cha kuacha. Anayeiacha uchi anakumbuka siku aliyoacha. Wote wanamsimulia mtu mmoja.

Hatua ya 3: Shuka kwenye kiti

Sasa inama. Kila tirthankara ana alama yake, iitwayo lanchana, na mahali pake ni katikati ya ukingo wa mbele wa kiti au mto anaokalia. Usijaribu kukariri zote 24 siku moja. Anza na hizi ambazo utakutana nazo mara nyingi zaidi: fahali ni Rishabha, ambaye pia huitwa Adinatha, paa ni Shantinatha, kobe ni Munisuvrata, kombe la bahari, lile linalopulizwa kama baragumu, ni Neminatha, nyoka ni Parshvanatha, simba ni Mahavira. Ukishazizoea hizo, ongeza ndovu wa Ajitanatha, farasi wa Sambhavanatha, kima wa Abhinandana, mwezi mwandamo wa Chandraprabha, mamba wa Pushpadanta, kifaru wa Shreyansanatha, nyati wa Vasupujya, nguruwe wa Vimalanatha, mbuzi wa Kunthunatha na mtungi wa maji wa Mallinatha. Yungiyungi jekundu ni Padmaprabha, la buluu ni Naminatha. Angalia picha ya orodha hiyo kwa jumla: wa porini, wa majini, wa zizini, wote wameingia, na hakuna aliyeonekana duni kupita kiasi hata asistahili kubeba jina la mtu mkuu. Kwa dini iliyofanya kutodhuru kiumbe kuwa sharti lake la kwanza, sidhani ni bahati tu.

Kuna mahali madhehebu hayakubaliani. Anantanatha kwa Washvetambara ana ndege aitwaye kozi, kwa Wadigambara ana nungunungu, ingawa baadhi ya orodha husema dubu. Aranatha kwa hawa wa kwanza ana umbo la mistari yenye pembe nyingi liitwalo nandyavarta, kwa hawa wa pili ana samaki. Kwa hiyo jibu la hatua ya 2 lishike, utalihitaji hapa.

Mitego ni miwili, na nimeanguka katika yote.

Mtego wa kwanza ni simba. Kiti cha tirthankara huitwa kiti cha simba, kwa hiyo karibu kila kiti kina simba wawili, mmoja kila upande. Hao ni miguu ya kiti, si jina la aliyekikalia. Ukiwahesabu, kila sanamu utaiita Mahavira. Tazama katikati.

Mtego wa pili ni paa. Katika sanamu nyingi za Gujarat na Rajasthan, chini ya kiti, katikati kabisa, kuna gurudumu dogo na paa wawili wanaotazamana. Hilo ni gurudumu la mafundisho. Paa wa Shantinatha huwa mmoja, peke yake, bila gurudumu. Nilibishana na watu kwa saa nzima juu ya sanamu moja kwa sababu ya paa wale wawili, na maandishi yaliyokuwa sentimita tano chini yao yalikuwa yanataja jina jingine kabisa.

Naam, maandishi. Fundi wa marumaru mara nyingi huchonga mstari wenye jina la tirthankara, jina la aliyeitoa sanamu na mwaka. Mwaka huo kwa kawaida ni wa Vikrama, kalenda ya kale ya India. Toa 57, au 56 kutegemea mwezi, upate mwaka wetu. Hekalu la Vimal Vasahi, Mlima Abu, ni la mwaka 1088 wa Vikrama: toa 57, unapata 1031. Jifunze tarakimu kumi za Kidevanagari, mwandiko wa Kihindi, tu, ni kazi ya jioni moja, na utaweza kuzisoma tarehe za mahekalu mengi ya Kijaini ya magharibi mwa India.

Na ikiwa hakuna alama wala maandishi? Basi pengine sanamu ni ya zamani sana. Zile za Mathura, kaskazini mwa India, za karne ya 1 hadi ya 3 hazina lanchana. Desturi hiyo ilianza baadaye. Sanamu ya Neminatha ya Rajgir yenye kombe kwenye kiti, ya zama za wafalme wa Gupta, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa. Kwa sanamu kongwe, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Nywele na nyoka

Wawili hawajifichi hata bila alama.

Wa kwanza ni Rishabha. Tazama mabegani: ukiona vishungi vya nywele vimeshuka, ndiye. Wenzake wote walipoacha ulimwengu waling'oa nywele zao mafumba matano, hazikubaki. Rishabha alishang'oa manne, na fumba la mwisho limelala mabegani, ndipo Indra, mfalme wa miungu, akamsihi aliache kwa jinsi lilivyompendeza. Akaliacha. Katika kundi zima la watu walioacha kila kitu, huyu mmoja amebaki na nywele kwa sababu mtu aliona ni nzuri akaomba. Kila nikiviona vishungi hivyo kwenye jiwe la miaka 1,800 iliyopita, huwa natabasamu.

Wa pili ni Parshvanatha, na hadithi yake inafaa kusimuliwa yote, maana umbo la sanamu yake limetoka humo. Akiwa bado mwana wa mfalme huko Varanasi, alimkuta mtawa mmoja, Kamatha, akijitesa katikati ya mioto. Parshva akaona kwamba ndani ya gogo moja linaloungua kuna nyoka. Akaamuru lipasuliwe. Nyoka akatoka ameungua, akafa akisikia maneno matakatifu, na kwa hilo nyoka yule akazaliwa upya kuwa Dharanendra, mfalme wa nyoka. Kamatha naye alikufa na chuki, akazaliwa upya kuwa pepo wa mawingu. Miaka baadaye Parshva akiwa amesimama katika tafakuri, pepo yule alimmiminia mvua hadi maji yakamfika puani. Hakutikisika. Dharanendra akainuka kutoka chini ya ardhi, akamwinua juu ya mwili wake uliojiviringa, na kumfunika kwa vichwa vyake vilivyotanuka.

Vichwa hivyo ndivyo unavyoviona juu ya Parshva, kwa kawaida saba, vimetandazwa kama mwavuli. Vihesabu. Vikiwa vitano, pengine si Parshva bali Suparshvanatha, wa saba katika orodha, na utamthibitisha kwa swastika kwenye kiti chake. Vikizidi hesabu, usihangaike: katika hekalu la Ranakpur, Rajasthan, la karne ya 15, kuna bamba la duara la marumaru ambalo nyoka wamesokotana kumzunguka Parshva kwa vichwa visivyohesabika kwa macho, na mikia yao imeunganishwa kwa mafundo ambayo utafuata moja kwa kidole hewani ukapotea njiani. Parshva ndiye pia aliyetajwa katika jina la hekalu la Mombasa.

Neno moja juu ya Mallinatha, wa 19. Washvetambara husema alikuwa mwanamke, Wadigambara hukataa. Lakini hata Washvetambara humchonga kama wengine, kwa sababu ile ile niliyoitaja mwanzo. Ipo sanamu moja ya jiwe jeusi kutoka Unnao, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lucknow, isiyo na kichwa, yenye kifua cha kike na msuko wa nywele umeshuka mgongoni. Kuiona kwa mbele tu haitoshi. Mgongo ndio wenye habari.

Hatua ya 5: Majirani zake

Sasa inua macho utazame waliomzunguka. Juu ya kichwa kuna miavuli mitatu iliyopandana. Nyuma ya kichwa kuna duara la nuru. Pembeni wamesimama wawili wenye usinga, kama watumishi wa mfalme. Juu zaidi kuna majani ya mti wa ashoka, mpiga ngoma, na wanaomwaga maua. Vyote hivyo ni heshima anazopewa na miungu, ambayo katika dini hii ni midogo kuliko yeye.

Chini, kulia na kushoto kwa kiti, kuna wadogo wawili wenye silaha au matunda: mwanamume ni yaksha, mwanamke ni yakshi. Kila tirthankara ana wake. Yakshi wa Rishabha ni Chakreshvari, mwenye magurudumu mikononi. Wa Neminatha ni Ambika, na huyo hutamkosa: amepanda simba, ana shada la maembe mkononi na mtoto mapajani. Wa Parshva ni Padmavati, mwenye vichwa vya nyoka juu yake kama bwana wake, ila vichache zaidi.

Kwa nini wapo? Tirthankara hajibu dua. Ameshavuka, hana hasira ya kuadhibu wala hamu ya kupendelea. Mjaini anapomsujudia anaitazama njia, hamwombi kitu. Lakini mtu mwenye mtoto mgonjwa au safari ya hatari anataka wa kumsikiliza, na hapo ndipo Ambika na Padmavati wanapokuwa na kazi. Ukiona sanamu ndogo pembeni ya ukumbi imejaa maua na nguo nyekundu kuliko ile kuu, pengine ni mmoja wao.

Hatua ya 6: Kaa karibu na meza ya mchele

Kama una muda wa kitu kimoja tu, acha sanamu ukae hapa. Mbele ya sanamu kuna meza fupi za mbao. Muumini anaketi chini na kibweta cha mchele. Anamwaga gao moja, anausambaza kwa kiganja, kisha kwa kidole cha shahada anaanza kuchora. Kwanza swastika, chini, upande ulio karibu naye. Juu yake anaweka vichungu vitatu katika mstari. Juu kabisa anachora mwezi mwandamo uliolala kama kikombe, na ndani yake kichungu kimoja.

Soma kutoka chini. Mikono minne ya swastika ni mahali panne ambapo nafsi inaweza kuzaliwa: kwa miungu, kwa watu, kwa wanyama na mimea, na motoni. Vichungu vitatu ni njia ya kutoka: imani sahihi, elimu sahihi, mwenendo sahihi. Mwezi uliolala ni mahali pa waliokombolewa, kileleni mwa ulimwengu, na kile kichungu ndani yake ni nafsi iliyofika. Kisha anaweka kitu kitamu juu ya swastika na tunda juu ya mwezi. Meza moja ya mchele imebeba safari nzima.

Na kwa nini mchele? Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tumetenga mpunga, mchele na wali. Mpunga ukiudondosha matopeni, unaota. Mchele hauoti, hata uumwagilie msimu mzima, kwa sababu ukikobolewa ganda hutoka, na kiini cha kuotea nacho huondoka. Muumini anapoweka mchele anaomba nafsi yake iwe hivyo: ivuliwe ganda, isiote tena. Anayechota nafaka hizo anajua tofauti hiyo, na wewe mkulima wa Mwea, Kilombero au Mbarali unaijua zaidi.

Juu ya swastika yenyewe, wengi wetu tuliiona kwanza kwenye picha za vita vya Hitler, na moyo unashtuka. Chama chake kiliichukua mwaka 1920. Wajaini walikuwa nayo kabla ya hapo kwa karne nyingi, nayo imo kwenye mabamba ya mawe ya Mathura ya karibu miaka 2,000. Ile ya chama huwa nyeusi ndani ya duara jeupe, na aghalabu imeinamishwa ikasimama kwa pembe. Hii imekaa sawasawa, kwa mchele, zafarani au rangi nyekundu. Ukiwa na watoto, waeleze hilo mlangoni kabla hawajauliza kwa sauti ndani.

Hatua ya 7: Alama nane, ndoto kumi na nne, na nembo moja

Hizi zipite haraka, ila uzijue. Kwenye milango, sahani za fedha na vitambaa utakuta kundi la alama nane za heri. Kwa Washvetambara ni swastika, shrivatsa, nandyavarta, bakuli lenye mfuniko, kiti cha enzi, mtungi, kioo na samaki wawili. Wadigambara wana nane zao, zikiwemo mwavuli, bendera na usinga.

Kwenye picha za kuta na vitabu vya kale kuna mama amelala na juu yake safu za vitu: ndovu, fahali, simba, mungu wa kike wa bahati, shada la maua, mwezi, jua, bendera, mtungi, ziwa la yungiyungi, bahari, jumba la angani, rundo la vito, moto usio na moshi. Huyo ni Trishala, na hizo ni ndoto zake 14 alipochukua mimba ya Mahavira. Wadigambara huhesabu 16. Katika michoro ya kale ya Gujarat watu huchorwa uso upande, lakini jicho la pili, ambalo lingepaswa kufichwa na pua, limetokeza nje ya shavu. Si kosa la mchoraji. Ni mtindo, na ukishaujua utautambua ukurasa wa kitabu cha Kijaini ukiwa mbali.

Nembo ile ya umbo la kiuno chembamba iliyochorwa kwenye mageti na kadi za harusi ni changa. Madhehebu yote yaliikubali mwaka 1974, ilipokaribia kutimia miaka 2,500 tangu Mahavira akomboke. Umbo la nje ni ulimwengu, mpana chini, mwembamba katikati. Juu imo ile ile ya mezani: swastika, nukta tatu, mwezi na nukta. Chini kuna kiganja kilichoinuliwa, kikisema simama, na ndani ya gurudumu lililochorwa kiganjani limeandikwa neno ahimsa, kutodhuru. Chini kabisa kuna mstari wa Kisanskrit ambao kwa Kiswahili unatoshea maneno mawili: viumbe hufaana.

Hatua ya 8: Tafuta sanamu isiyokuwepo

Ya mwisho si kila hekalu linayo. Utaikuta zaidi kwa Wadigambara na kwenye makumbusho, na ni rahisi kuipita ukidhani imevunjika. Ni bamba la shaba lililosimama juu ya kiti kidogo, lenye fremu iliyopambwa vizuri, na katikati pamekatwa umbo la mtu. Hakuna mtu, kuna tundu lenye umbo la mtu. Huyo ni siddha, nafsi iliyokombolewa isiyo na mwili tena, na fundi alipoambiwa achonge kisicho na mwili, alichukua patasi akauondoa mwili.

Ukiipata, piga magoti hadi macho yako yawe sawa na tundu lile. Usitazame bamba. Tazama kinachoonekana kupitia umbo: taa ya nyuma, ukuta, mtu anayepita amebeba sahani ya maua. Kisha shuka kwenye kiti kama ulivyozoea, utafute alama, uone kama ipo.